Mimi ni mhafidhina kanisani na mtetezi wa uhuru mbele ya dola: hoja kutoka Nyanda za Juu Kusini

Wanajukwaa, nawasalimu kutoka Mbeya.

Nimesoma mijadala mingi humu ambamo watu wanaitana "mliberali" na "mhafidhina" kana kwamba majina hayo mawili yanatosha kueleza namna Mtanzania anavyosali, anavyolea watoto wake na anavyopiga kura. Naomba niseme ninachoamini mimi, na nieleze kimetoka wapi. Mimi ni Mmoraviani, mzee wa kanisa katika usharika wangu, na nimefundisha somo la uraia katika shule za sekondari za mkoa huu hadi nilipostaafu. Ninaamini kwamba ndoa ni ya mume mmoja na mke mmoja, kwamba mimba si jambo la kutolewa kwa wepesi, na kwamba mtoto asiyefundishwa kumcha Mungu ananyimwa kitu kikubwa. Ninaamini vilevile kwamba dola haipaswi kuwa na dini, kwamba polisi hawakuajiriwa kusimamia kanuni za kanisa langu, na kwamba serikali isiyokosolewa huharibika hata ikiongozwa na watu wanaofunga na kusali. Ninapoyasema haya yote kwa pamoja huambiwa kwamba najipinga. Sioni mahali ninapojipinga, na uzi huu ni wa kueleza kwa nini.

Tuanze na majina yenyewe. Huko Marekani, mtu akikueleza msimamo wake kuhusu utoaji mimba unaweza kukisia bila shida anafikiri nini kuhusu kodi, bima ya afya na umiliki wa bunduki. Kifungu hicho cha mambo kilifungwa kwa makusudi na wanasiasa pamoja na wahubiri wao, hasa baada ya hukumu ya Mahakama ya Juu ya mwaka 1973 iliyotambua haki ya kutoa mimba, na wakakikaza kwa takriban miaka hamsini hadi mahakama ileile ilipoitengua hukumu hiyo Juni 2022. Ni historia yao, na ina sababu zake. Kosa letu ni kuichukua kamba waliyojifungia wao na kujaribu kujifunga nayo sisi.

Angalieni vyama vyetu. CHADEMA, ambacho wengi hapa Mbeya wanakihesabu kuwa chama cha mabadiliko, kilianzishwa mwaka 1992 na Mzee Edwin Mtei, gavana wa kwanza wa Benki Kuu, ambaye alijiuzulu uwaziri wa fedha mwaka 1979 kwa kutofautiana na Mwalimu Nyerere kuhusu masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Kimataifa, chama hicho kimo katika umoja wa vyama vya mrengo wa kulia ulioundwa London mwaka 1983, umoja ambao Margaret Thatcher alikuwa miongoni mwa waasisi wake. CUF, ambacho wapinzani wake walizoea kukiita chama cha Waislamu, kilikaa katika umoja wa kimataifa wa vyama vya kiliberali. Mwaka 2010 CHADEMA kilimsimamisha kugombea urais Dkt. Willibrod Slaa, aliyekuwa padre wa Kikatoliki. Mwaka huohuo Mbeya Mjini ikamchagua kwa tiketi ya chama hicho Joseph Mbilinyi, mwanamuziki wa hip hop, na Iringa Mjini ikamchagua Mchungaji Peter Msigwa. Mtu wa jukwaa la muziki na mtu wa madhabahu waliingia bungeni chini ya bendera moja, wakapigiwa kura na akina mama wale wale wa kwaya na vijana wale wale wa stendi. Anayetaka kutugawa katika mirengo miwili atueleze hapo mhafidhina ni nani.

Sababu ya hali hiyo, kwa maoni yangu, imo katika historia ya dini kwenye milima hii. Wamoraviani walifika Rungwe mwaka 1891, na mwaka huohuo Walutheri wa Misheni ya Berlin wakafika upande wa Konde. Wakatoliki wakaweka makao Tosamaganga kabla karne haijaisha, wakati nchi ya Wahehe ikiwa bado katika vita vya Mkwawa. Tunapoitaja leo mila yetu ya Kikristo tunaizungumzia kana kwamba ilikuwapo tangu mwanzo wa dunia, ilhali kwa babu zetu wamisionari ndio waliokuwa wapinduaji. Walimwambia mzee mwenye wake watatu na ng'ombe wengi kwamba hawezi kubatizwa mpaka abaki na mke mmoja. Mhafidhina wa wakati ule alikuwa yule mzee. Jambo hili halikwisha kirahisi, kwa sababu kufikia miaka ya 1930 wilayani Rungwe kulikuwa na makanisa ya Waafrika wenyewe, yenye asili ya upande wa Nyasaland (Malawi ya leo), yaliyowapokea wenye wake wengi pamoja na wake zao, yakihoji ni wapi hasa Maandiko yanamwamuru mtu awafukuze mama wa watoto wake. Kwa hiyo uhafidhina wa kanisa na uhafidhina wa ukoo ulikuwa ni mitazamo miwili iliyogombana, na katikati yake watu walijifunza kukaa nyumba moja bila kulazimishana.

Serikali huru nayo haikuchagua upande mmoja. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilizikusanya chini ya paa moja ndoa za Kikristo, za Kiislamu, za kimila na za bomani, ikaruhusu ndoa ya mke mmoja na ya wake wengi, na ikataka watu wakubaliane wenyewe ndoa yao ni ya aina gani. Kwa Mmoraviani kama mimi, sheria hiyo inaruhusu jambo ambalo kanuni zetu zinalikataza. Sijawahi kuona kwamba inanidhulumu. Kanisa langu lina Meza ya Bwana, lina wazee, lina utaratibu wa kumtenga mshirika na wa kumrudisha kundini. Vyombo hivyo vinatosha kwa kazi yake.

Hapa ndipo penye kiini cha msimamo wangu, na ndugu wa upande wa kiliberali mara nyingi hawapaelewi, kama ambavyo ndugu zangu wa makanisani hawapaelewi. Dhambi na jinai ni vitu viwili. Uzinzi ni dhambi nzito mbele za Mungu, lakini katika sheria za Tanzania Bara hatendi jinai anayezini. Aliyekosewa anaweza kudai fidia mahakamani, basi. Sijawahi kumsikia mchungaji akilalamika kwamba wazinzi wanaongezeka kwa sababu polisi hawawakamati. Chukueni ulanzi, pombe yetu ya mianzi. Makanisa mengi ya Kipentekoste ya Iringa yanauhesabu kuwa mlango wa upotevu, na kwa kuangalia nyumba zilizobomoka kwa ajili ya ulevi siwezi kuwabeza. Jirani zao Wakatoliki wanakunywa ulanzi msimu unapofika na Jumapili wapo kwenye misa. Sheria ya vileo inataka leseni na saa za kuuza, na inaishia hapo. Kama dola ingechukua mafundisho ya kanisa moja na kuyafanya sheria, ingelazimika kwanza kuamua ni kanisa gani lililo sahihi, na hakuna ofisa wa wilaya ninayemwamini kwa kazi hiyo, hata akiwa mshirika wa kanisa langu.

Kwa msingi huohuo nilipinga, nikiwa bado darasani, agizo la mwaka 2017 la kuwazuia wasichana waliojifungua wasirudi katika shule za serikali. Wengi katika makanisa yetu walilishangilia kwa sababu lilitolewa kwa lugha ya maadili. Nasema kwa uzito wote nilionao kwamba halikuwa agizo la Kikristo. Kanisa linapomtenga binti huwa linamsubiri. Kuna siku atasimama mbele ya usharika, ataombewa na atakaa tena katika kwaya yake. Shule iliyomfukuza haikuwa na siku kama hiyo. Mvulana aliyempa mimba aliendelea na masomo dawati la pili kutoka pale alipokuwa ameketi binti, na hakuna aliyemuuliza habari za maadili. Agizo hilo liliondolewa Novemba 2021, na walioliondoa hawakuharibu maadili ya mtu yeyote.

Suala la umri wa ndoa linanitia uchungu zaidi. Sheria hiyohiyo ya 1971, ambayo nimeisifu kwa uvumilivu wake, ilimruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, huku mvulana akitakiwa afikishe 18. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na mwanaharakati Rebeca Gyumi, ilisema vifungu hivyo vinapingana na Katiba, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo. Serikali ilipewa mwaka mmoja irekebishe, na mwaka ukapita bila Bunge kubadilisha kitu. Hoja iliyotolewa mara kwa mara ni kwamba lazima kwanza viongozi wa dini waridhike. Mimi ni mtu wa dini na sikuwahi kuhitaji kuridhishwa. Heshima yangu kwa ndoa ndiyo inayonifanya nikatae kuiita ndoa hali ya mtoto wa kidato cha pili kukabidhiwa kwa mwanamume. Anayejiita mhafidhina na kutetea jambo hilo anahifadhi kitu ambacho hakistahili kuhifadhiwa.

Sasa niseme juu ya siasa za wengine zinavyotufikia, maana huwezi kuzungumzia Nyanda za Juu Kusini bila kutaja UKIMWI. Utafiti wa kitaifa wa 2022/2023 ulionesha kwamba maambukizi ya VVU kwa watu wazima nchini ni asilimia 4.4, lakini Njombe ni asilimia 12.7, na Iringa na Mbeya zinaifuata kwa karibu. Kila ukoo hapa una makaburi ya miaka ya 1990. Dawa za kufubaza virusi zilizowainua watu kitandani zililipiwa kwa sehemu kubwa na PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, ulioanzishwa mwaka 2003 na Rais George W. Bush, mwanasiasa wa kihafidhina aliyesukumwa kwa dhahiri na imani yake na aliyeungwa mkono na wainjilisti wa nchi yake. Sheria iliyouanzisha ilitaka theluthi moja ya fedha za kinga itumike kuhubiri kujizuia hadi ndoa. Waliberali wa huko walipinga sharti hilo wakisema linawanyima watu kondomu, na kwa upande wa kinga naona walikuwa na hoja, kwa sababu mke mwaminifu wa dereva wa magari makubwa ya Tunduma hakingwi na mahubiri ya kujizuia. Hata hivyo siwezi kujifanya sijui ni nani aliyeleta dawa. Kisha Januari 2025 serikali nyingine ya chama hichohicho, ikishangiliwa na wengi wa wapiga kura walewale wa kanisani, ikasimamisha misaada ya nje kwa amri moja, na wauguzi katika zahanati zetu wakaanza kuulizwa na wagonjwa maswali wasiyoweza kuyajibu. Neno "mhafidhina" lilibaki lilelile. Kwa mama wa Makete anayemeza kidonge kila jioni, lilikuwa na maana mbili zilizo mbali kama uzima na mauti.

Wakati huohuo, hospitali anazotibiwa mama huyo nyingi ni za kanisa. Ikonda ni ya Wamisionari wa Consolata, Ilula ni ya KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania), Tosamaganga ni ya Wakatoliki, na Mbozi ni ya Wamoraviani. Serikali ilizitaifisha shule za misheni kwa Sheria ya Elimu ya 1969, lakini mwaka 1992 ilitia saini makubaliano na makanisa kuhusu huduma za jamii, na mpaka leo inalipa mishahara ya baadhi ya watumishi katika hospitali zinazoitwa teule. Wale wanaotaka dini iondolewe kabisa katika mambo ya umma wafike Ikonda wahesabu walio kwenye foleni. Utengano wa dini na dola ninaoutetea hauna maana ya kuzifunga hospitali hizo, mradi Mwislamu wa Makete ahudumiwe sawasawa na katekista.

Kuhusu maaskofu kuzungumzia siasa, msimamo wangu utawaudhi watu wa pande zote. Mwaka 2018 Maaskofu Katoliki katika ujumbe wa Kwaresima na KKKT katika waraka wa Pasaka walionya kwamba uhuru wa kisiasa unabanwa, na Juni mwaka huo ikaonekana hadharani barua ya kutoka upande wa serikali ikilitaka kanisa liufute waraka wake. Agosti 2023 Mahakama Kuu hapa Mbeya ilitupilia mbali shauri la kupinga makubaliano ya bandari na Dubai, na siku nane baadaye Baraza la Maaskofu Katoliki likatoa tamko la kuyakataa. Niliona vema katika matukio yote hayo, kwa kuwa nabii ambaye hamkosoi mfalme ni mtumishi wa ikulu tu. Lakini Machi 2015 Jukwaa la Wakristo lilipowaagiza waumini waipigie Katiba Inayopendekezwa kura ya hapana, nililiona limevuka mpaka. Mchungaji anaweza kuniambia kwamba jambo fulani ni dhuluma na kunifundisha nipime. Hawezi kuniambia niweke alama wapi kwenye karatasi ya kura, kwa maana pale ndani naingia peke yangu.

Dola nayo ina mpaka wake. Ibara ya 19 ya Katiba inaweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi, ilhali Sheria ya Jumuiya, iliyotungwa na Waingereza mwaka 1954, bado inampa msajili uwezo wa kulifuta kanisa. Juni 2025 Kanisa la Ufufuo na Uzima la Askofu Gwajima lilifutiwa usajili baada ya yeye kukemea utekaji wa watu. Mafundisho mengi ya askofu huyo siyakubali, na msimamo wake kuhusu chanjo wakati wa korona niliuona wa hatari. Hilo halibadilishi kitu. Usajili unaotegemea unyamavu wa mchungaji utalifikia kanisa langu siku yoyote.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa marehemu Mchungaji Christopher Mtikila, mtu wa Ludewa. Katika mambo ya imani alikuwa mhafidhina usiyeweza kumsogeza, na alikuwa na kauli kali dhidi ya Watanzania wenye asili ya Asia ambazo kamwe siwezi kuzitetea. Mtu huyohuyo alidai mahakamani haki ya raia kugombea bila chama, akashinda Mahakama Kuu mwaka 1994, Bunge likabadilisha Katiba ili kuifuta hukumu, akarudi tena mahakamani, akashindwa kwenye Rufani mwaka 2010, akaenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu kule Arusha na kushinda Juni 2013. Haki aliyoipigania ni ya kiliberali kuliko zote. Aliipigania akiwa amevaa kola ya kichungaji.

NYONGEZA, baada ya kusoma michango yenu

Mchangiaji mmoja anasema kwamba lugha yangu ya "dola isiyo na dini" ni njia ya kuyaingiza mambo ya wazungu kimyakimya, na ametaja ndoa za jinsia moja. Nimjibu kwa kilichotokea. Mwaka 2009 Kanisa la Sweden lilikubali kufungisha ndoa hizo, na Walutheri wa Marekani wakaruhusu watumishi walio katika mahusiano ya namna hiyo. KKKT ilijibu Januari 2010 kwa Tamko la Dodoma, ikakataa bila kumung'unya maneno. Hakuna serikali iliyoisaidia kukataa. Kinachonigusa zaidi ni kwamba Dayosisi ya Iringa ina ushirikiano wa miaka mingi na sinodi ya Saint Paul kule Minnesota, ambao wenyewe wanauita Bega kwa Bega, na ushirikiano huo haukuvunjika. Walitofautiana juu ya jambo zito na wakaendelea kujenga shule pamoja. Kanisa lenye msimamo halihitaji rungu la dola ili liendelee kuwa nao, na kanisa lisilo na msimamo rungu hilo haliwezi kulipatia.

Ndugu yetu Mwislamu wa Rujewa ameuliza swali gumu kuliko mengine: ikiwa ninafurahia fedha za umma zinavyoingia katika hospitali za kanisa, kwa nini Wakristo wenzangu walipaza sauti namna ile dhidi ya Mahakama ya Kadhi? Shehe wangu, swali lako ni la haki. Mahakama hizo zilifutwa Bara mwaka 1963, na kila mara suala liliporudi, katika ilani ya uchaguzi ya CCM ya 2005 na katika Bunge la Katiba mwaka 2014, sisi tulijibu kwamba nchi haina dini, na wengi wetu hatukuyataja makubaliano yetu ya 1992. Tulipaswa kuyataja. Naona tofauti kati ya hospitali inayomtibu kila mtu na mahakama inayohukumu kwa sheria ya dini moja, lakini tofauti hiyo hainipi ruhusa ya kukunyima kila kitu.

Mimi ningekubali kadhi aamue mirathi na talaka za Waislamu wanaokwenda kwake kwa hiari, wakimgharimia wao wenyewe kama sisi tunavyolipa mabaraza yetu ya usuluhishi ya usharika. Sharti langu ni moja tu, na ningelidai vivyo hivyo kwa baraza la Wamoraviani: mwanamke wa Rujewa ambaye hataki kesi yake ya mirathi iamuliwe huko aweze kwenda Mahakama ya Mwanzo, na asiwepo mtu wa kumzuia mlangoni. Ukilikubali hilo, mimi na wewe tuna jambo la kupeleka kwa mbunge kwa pamoja, na nipo tayari kuliandika.